Unauza nje kwa dola, unalipa mishahara kwa shilingi: njia nne zikilinganishwa

"Mwanangu, korosho tumeuza bei nzuri. Hela zimekwenda wapi?"

Swali hilo niliulizwa Desemba 2024 na mama mwenye kiwanda ambacho nilikuwa nashika hesabu zake, kiwanda kidogo cha kubangulia korosho huko kusini mwa Tanzania. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mnunuzi alilipa kwa wakati, hakuna gunia lililooza, hakuna kontena lililorudishwa. Lakini korosho ghafi tulizinunua mnadani Oktoba, dola moja ikiwa inapata zaidi ya shilingi 2,700. Malipo yetu yalipoingia, benki zilikuwa zinanunua dola kwa karibu 2,400. Nikamwambia korosho hazikupungua hata kilo moja, iliyopungua ni dola. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililo gumu zaidi: "Sasa mwakani tufanyeje?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimekaa na mabenki, nimekaa na wabanguaji wenzetu, nimepiga hesabu usiku na mchana, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya mtu mwenye kiwanda cha bidhaa za kuuza nje, iwe korosho, ngozi, viungo, nguo au parachichi, anayejua kazi yake vizuri lakini kila mwaka faida yake inaamuliwa na kitu asichokitengeneza yeye.

Mwaka 2025 dola ilipanda tena, na kufikia Mei ilikuwa imerudi karibu na 2,700. Aliyeapa kwamba shilingi itaendelea kuimarika aliumia, na aliyeapa kwamba itaporomoka aliumia miezi michache kabla yake. Kwa hiyo sitakwambia shilingi inaelekea wapi. Nitalinganisha njia za kufanya kazi bila kulijua hilo.

Kiwanda kinaumia wapi

Tuchukue kontena moja. Tuseme korosho zilizobanguliwa zinauzwa dola 100,000. Korosho ghafi za kulijaza zimegharimu shilingi milioni 216. Mishahara, umeme, kuni za boila na lori la kwenda bandarini ni milioni 34. Jumla ya gharama ni milioni 250. Tarakimu hizi nimezilainisha ili uweze kuzihesabu kichwani. Weka za kwako mahali pake.

Dola ikiwa 2,700, kontena linaleta milioni 270, na faida ni milioni 20. Dola ikiwa 2,400, linaleta milioni 240, na hasara ni milioni 10. Wafanyakazi ni walewale, ubora ni uleule, mnunuzi ni yuleyule. Dola imeshuka kwa asilimia 11 tu, lakini faida imefutika yote na bado kuna shimo la kuziba.

Kilichotuumiza ni mambo mawili yaliyokutana: gharama zetu ziko kwenye sarafu moja na mapato kwenye nyingine, halafu kati ya siku ya kununua na siku ya kupokea pesa kuna miezi. Korosho zina ugumu wa ziada, kwa sababu mnada wa msimu huanza Oktoba na kwisha ndani ya miezi michache. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kijaze ghala ndani ya muda huo. Korosho utakayobangua Agosti umeshailipia kwa shilingi za Novemba.

Mtazame mshindani wetu mkubwa, Vietnam. Kiwanda cha kule hununua sehemu kubwa ya korosho ghafi kutoka Afrika na Kambodia kwa dola, na huuza kwa dola. Dong, sarafu yao, ikipanda au ikishuka, inayoguswa zaidi ni mishahara. Viwanda vya nguo vya Kenya vilivyo kwenye EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, vinafanana na hivyo: kitambaa kinaagizwa kwa dola, shati linauzwa kwa dola. Ndiyo maana kauli kwamba shilingi dhaifu humsaidia kila anayeuza nje haina ukweli wote. Humsaidia zaidi yule ambaye gharama zake nyingi ni za ndani, na humsaidia mpaka pale mafuta, vipuri na umeme vinapopanda kumfuata.

Wakenya walilionja hili kwa ukali kuliko sisi. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka kama shilingi 123 za Kenya hadi karibu 157, na Januari 2024 ikafika 160. Hofu kubwa ilikuwa deni la serikali la dola bilioni 2 la hati fungani lililotakiwa kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 na kuanza kulilipa lile la zamani kabla ya siku yake, hofu ikayeyuka, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Chai huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, mkulima analipwa kwa shilingi. Bonasi za wakulima wa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, zilipopungua mwaka 2025, nguvu ya shilingi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mkulima wa Nyeri au Kericho hakuwa na neno lolote katika deni lile, lakini lilimfikia shambani.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini nimeipima kwa maswali yaleyale. Hatari ya bei ya dola inabebwa na nani? Gharama yake ni kiasi gani, ile inayoonekana na ile iliyojificha? Inafanya nini kwenye mtaji wa kuzungusha? Masharti ya kuingia ni yapi? Na mambo yakiharibika, mnunuzi akichelewa au oda ikifa, unabaki na nini mkononi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa macho yangu ndilo limeangusha watu wengi zaidi.

Njia ya kwanza: kubadilisha kwa bei ya siku

Dola zikiingia, unaziuza benki kwa bei ya siku hiyo. Wengi wetu tunafanya hivi bila hata kujua kwamba tumechagua.

*Hatari.* Yote ni yako, na neema yote ni yako. Dola ikifika 2,900, kontena letu linatoa faida ya milioni 40. Ikishuka hadi 2,400, umeona yaliyotupata.

*Gharama.* Hakuna ada utakayoiona, lakini lipo pengo kati ya bei ambayo benki inanunulia dola na bei ambayo inaziuzia. Pengo hilo linazungumzika. Kwenye dola 100,000, kila shilingi moja ya tofauti ni shilingi 100,000. Piga simu benki tatu kabla ya kuuza, zikipishana shilingi 15 umeokoa milioni moja na nusu kwa dakika kumi za maongezi. Sisi tulikuwa tunaacha benki yetu ibadilishe yenyewe pesa ikiingia, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Nikikumbuka hilo bado linaniuma.

Angalia pia majira. Tanzania hupata dola nyingi nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapojaa na mazao yanapouzwa. Dola zako zikiingia Desemba zinakuta za wenzako nyingi sokoni.

*Mtaji.* Njia hii haikusaidii chochote. Korosho ghafi unazinunua kwa akiba yako au kwa mkopo wa shilingi.

Hapa ndipo penye kishawishi cha kuziacha dola kwenye akaunti ukisubiri bei ipande. Kabla hujafanya hivyo, hesabu riba ya mkopo wa shilingi ulionunulia mali ghafi. Riba za mikopo ya shilingi Tanzania zimekuwa zikizunguka asilimia 15 kwa mwaka. Kwenye milioni 216, hiyo ni milioni 2.7 kila mwezi. Maana yake dola 100,000 unazozikalia lazima zipande bei kwa shilingi 27 kila mwezi ili usipate hasara. Mwenye mkopo anayesubiri ameingia kwenye kamari ambayo kiingilio chake ni shilingi 27 kwa kila dola, kila mwezi.

*Masharti.* Akaunti ya benki na karatasi za mauzo, basi.

*Mambo yakiharibika.* Hapa njia hii ina nguvu yake ya kweli. Mnunuzi akichelewa, umechelewa tu. Oda ikifa, unatafuta mnunuzi mwingine. Hukumwahidi mtu dola yoyote.

*Inamfaa* mwenye mzigo mdogo, anayelipwa ndani ya wiki chache, na mwenye faida nene inayoweza kumeza mtikisiko wa asilimia 10.

Njia ya pili: kukopa na kulipa kwa sarafu unayouzia

Wazo lake ni kuzifanya gharama zako ziwe za dola kama mapato yako, ili zipande na kushuka pamoja. Kwa mbanguaji wa korosho, ambaye mnada wake ni wa shilingi, njia iliyo wazi ni kukopa kwa dola.

*Hatari.* Rudi kwenye kontena letu. Oktoba unakopa dola 80,000, unazibadilisha kwa 2,700, unapata milioni 216 na kununua korosho ghafi. Desemba unapokea dola 100,000. Unarudisha 80,000 vilevile kama dola, bila kuzibadilisha. Zimebaki 20,000. Kwa bei ya 2,400 ni milioni 48. Ukitoa milioni 34 za mishahara na mengineyo, umebaki na milioni 14 kabla ya riba. Kontena lilelile, Desemba ileile, na mwenzako aliyekopa shilingi ana hasara ya milioni 10. Dola ikipanda hadi 2,900 wewe unabaki na milioni 24 na mwenzako ana 40. Umeacha sehemu ya neema ili upunguze sehemu kubwa ya balaa.

Wazo hili ni kongwe. Septemba 1985 mataifa matano makubwa yalikubaliana kwenye hoteli ya Plaza, New York, kuishusha dola. Ilikuwa karibu yeni 240, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeanguka hadi karibu 150. Viwanda vya Japani vilivyouza magari Marekani viliona kila dola iliyorudi nyumbani imesinyaa. Toyota ilitangaza kiwanda cha Kentucky Desemba ya mwaka huohuo na magari yakaanza kutoka 1988. Ugomvi wa biashara na Marekani ulichangia, lakini kwa upande wa sarafu hesabu ni ileile: ukiuza kwa dola, hamishia gharama zako kwenye dola. Sisi hatuwezi kuhamisha kiwanda, ila mkopo unahamishika.

*Gharama.* Riba ya dola kwa kawaida iko chini ya ile ya shilingi. Tuseme ni asilimia 9 kwa mwaka. Dola 80,000 kwa miezi mitatu zinalipiwa dola 1,800, yaani kama milioni 4.3 kwa bei ya 2,400. Mkopo wa shilingi milioni 216 kwa asilimia 15 ungelipiwa milioni 8.1 kwa muda huohuo. Halafu kuna akiba ndogo isiyoonekana: vipuri vya mashine na mifuko ya kufungashia inayotoka India unailipia moja kwa moja kutoka akaunti ya dola. Anayeuza dola benki leo kisha akazinunua tena wiki ijayo analipa lile pengo mara mbili.

*Mtaji.* Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayokupa pesa mwanzoni mwa msimu, wakati ambapo kila mtu anaitafuta.

*Masharti.* Benki itataka mkataba wa mauzo uliosainiwa, historia ya dola kuingia kwenye akaunti, na dhamana. Kiwanda kipya kitazungushwa. Ujue pia kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Mnunuzi wa nje bado anakulipa dola, lakini mwenye lori, mwenye ghala na fundi wako wote ni wa shilingi. Kwa hiyo gharama haziwezi kulingana na mapato moja kwa moja. Sehemu fulani itabaki wazi.

*Mambo yakiharibika.* Hapa pana hatari ya kweli. Deni la dola ni ngao pale tu dola zinapokuja. Thailand mwaka 1997 ilikuwa na makampuni mengi yaliyokopa dola kwa sababu riba ilikuwa nafuu, ilhali mapato yao yalikuwa ya baht, sarafu ya nchi yao. Tarehe 2 Julai serikali ikaacha kuilinda bei ya baht. Dola ilikuwa baht 25, na Januari iliyofuata ilikuwa imevuka 50. Madeni yalizidi kuwa maradufu bila mtu kukopa senti ya nyongeza. Kwa hiyo usikope dola zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye mkataba wa mnunuzi unayemjua. Hata benki ikikubali, wewe usikubali.

*Inamfaa* mwenye ghala la kujaza kwa msimu, mwenye wanunuzi wa kudumu na mikataba mkononi, na yule ambaye tayari anaagiza vitu kwa dola.

Njia ya tatu: kufunga bei na benki

Unakubaliana na benki leo kwamba siku fulani mbele, miezi mitatu kwa mfano, utaiuzia dola kadhaa kwa bei mliyoiandika leo. Kwenye meza ya fedha za kigeni utasikia wakiiita fowadi.

*Hatari.* Kwa kiasi ulichokifunga, imekwisha, na neema nayo imekwisha. Ila wengi husahau kwamba umefunga mapato, hukufunga gharama. Shilingi ikiporomoka, dizeli na vipuri vitapanda huku mapato yako yamesimama pale pale. Kenya hata ankara ya umeme ina mstari wake wa marekebisho ya bei ya fedha za kigeni. Aliyefunga mapato yote mwanzoni mwa 2023, akiwa Nairobi, alitazama dola ikipanda bila yeye huku gharama zikimfuata.

*Gharama.* Wauzaji wa nje wengi wanaamini kufunga bei lazima kuwe na gharama kubwa, na wengi wamekosea upande. Bei ya mbele haijengwi kwa utabiri wa benki. Inajengwa kwa tofauti ya riba kati ya sarafu mbili. Riba ya shilingi ikiwa asilimia 10 na ya dola asilimia 5, tofauti kwa robo mwaka ni kama asilimia 1.25. Dola ya leo ikiwa 2,700, bei ya miezi mitatu kwa hesabu tupu inakuwa karibu 2,733. Anayeuza dola mbele anapata shilingi nyingi kuliko za leo. Anayelipa zaidi ni mwagizaji. Kinachokula ni faida ya benki iliyofichwa ndani ya bei hiyo, na soko letu ni jembamba kiasi kwamba faida hiyo inaweza kuwa nene. Hesabu mwenyewe kwanza, kisha omba bei benki mbili.

*Mtaji.* Benki huzuia amana kiasi au hukata kwenye kiwango chako cha mkopo. Ukitegemea ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, kununulia korosho, itapungua wakati unaihitaji.

*Masharti.* Kiasi kikubwa kuliko kontena la mtu mdogo, benki yenye kitengo cha fedha za kigeni kilicho hai, na mkataba wa kuonyesha dola zinatoka wapi. Miezi mitatu hadi sita inapatikana kwa urahisi zaidi kuliko mwaka.

*Mambo yakiharibika.* Umeahidi kupeleka dola. Tuseme ulifunga dola 100,000 kwa 2,733, mnunuzi akafuta oda, na dola imefika 2,900. Lazima uzinunue sokoni kwa 2,900 uipe benki kwa 2,733. Hasara ni milioni 16.7, na korosho ziko ghalani hazijauzwa. Mnunuzi akichelewa tu, mkataba unaweza kusogezwa mbele, lakini kwa malipo. Uliza mapema kama benki inaruhusu kupeleka dola ndani ya kipindi cha siku kadhaa badala ya siku moja.

Nimewasikia wenzangu wakisema hawahitaji mkataba kwa sababu "benki kuu haitakubali shilingi ifike huko." Nawakumbusha Uswisi. Tangu Septemba 2011 benki kuu yao ilikuwa imeapa kwamba yuro haitashuka chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 ikaacha kuilinda bei hiyo bila onyo, na siku hiyohiyo yuro ikaanguka chini ya faranga moja. Hisa za Swatch, watengenezaji wa saa, zilipoteza zaidi ya asilimia 15 siku hiyo, na viwanda vingine viliongeza saa za kazi kwa mshahara uleule ili vibaki sokoni. Hiyo ni moja ya benki kuu zenye uwezo mkubwa kabisa duniani. Ahadi ya benki kuu haina sahihi yako wala muhuri wako.

*Inamfaa* mwenye faida nyembamba, mnunuzi mwaminifu, na tarehe za malipo zinazojulikana.

Njia ya nne: kuuza kwa shilingi

Unamwuzia msafirishaji wa ndani, supamaketi au hoteli kwa shilingi, au unamwandikia mnunuzi wa nje ankara ya shilingi.

*Hatari* inahamia kwa mwenzako. *Gharama* ni bei ya chini, kwa sababu anayeibeba hatari atajilipa. Tuseme msafirishaji anatoa milioni 262 kwa mzigo ambao ungeleta 270. *Mtaji* unarudi haraka, mara nyingi ndani ya siku chache. *Masharti* ni mepesi, lakini wanunuzi wa Ulaya au Marekani hawatakubali shilingi, kwa hiyo soko linabaki la ndani na la majirani. Kwa Afrika Mashariki upo mfumo wa malipo wa EAPS unaoruhusu benki za kanda kulipana kwa sarafu zetu wenyewe. *Mambo yakiharibika*, umepoteza mteja mmoja tu na huna deni la sarafu ya mtu. *Inamfaa* anayeanza, na vikundi vinavyobangua magunia machache kwa mwezi.

Sioni aibu katika njia hii. Nimewaona akina mama waliokazania kuuza nje wenyewe mwaka wa kwanza wakakwama bandarini, ilhali shilingi ya supamaketi ingewafikisha mwaka wa pili.

Kontena moja, bei tatu

Faida au hasara kwa milioni za shilingi, kabla ya riba:

| Njia | Dola 2,400 | Dola 2,700 | Dola 2,900 |
|---|---|---|---|
| Bei ya siku | -10 | 20 | 40 |
| Mkopo wa dola 80,000 | 14 | 20 | 24 |
| Kufunga zote kwa 2,733 | 23.3 | 23.3 | 23.3 |
| Kuuza kwa shilingi milioni 262 | 12 | 12 | 12 |

Ukiitazama haraka, njia ya tatu inaonekana imeshinda. Jedwali halionyeshi oda iliyokufa, ambako njia ya kwanza na ya nne zinalala usingizi na ya pili na ya tatu zinakesha.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Ukiuza mzigo mmoja au miwili midogo kwa mwaka, baki na bei ya siku, lakini acha kukubali bei ya ukutani. Gawa mauzo ya dola mara mbili au tatu ikiwa huna deni linalokusukuma.

Ukijaza ghala la miezi mingi kwa msimu mmoja kama sisi, mkopo wa dola ndio uti wa mgongo. Muda wa kukaa na hatari ni mrefu mno kwa fowadi za kwetu, na mtaji unauhitaji hata hivyo. Kwa makontena yaliyo karibu kusafirishwa, unaweza kuongeza kufunga bei kwa zile dola zitakazobaki baada ya kulipa mkopo, kwa kuwa hizo ndizo zitakazolipa mishahara ya shilingi.

Ukiwa fundi wa nguo au mabegi ambaye kitambaa, zipu na vifungo vyote vinaagizwa, huenda tayari una kinga ya nusu bila kujua. Fungua akaunti ya dola, lipia vifaa kutoka humo, kisha uone kilichobaki wazi. Mara nyingi ni kidogo kuliko hofu yako.

Ukiwa na faida chini ya asilimia 10 na mnunuzi ambaye hajawahi kukuangusha, funga bei kwa nusu ya mkataba au theluthi mbili. Kufunga yote kunakuacha bila pumzi akichelewa hata wiki tatu.

Mnunuzi akiwa mpya, usikope dola kwa jina lake wala usifunge bei kwa ahadi yake. Omba malipo ya awali. Dola 20,000 zilizotangulia kuingia zinakukinga kuliko mkataba wa kurasa kumi, na ndizo unazoweza kulipia vifungashio bila kubadilisha.

Kuna pia wanaouza kwa sarafu moja na kulipa gharama za nje kwa nyingine. Wakulima wa maua wa Naivasha wanaouza kwenye mnada wa Uholanzi wanapokea yuro, huku nauli ya ndege ikitajwa kwa dola. Hao wana bei mbili za kuangalia, yuro kwa dola na dola kwa shilingi. Wapange kila moja peke yake. Mkopo wa dola kwa mtu wa yuro ni hatari mpya.

Na ukiwa na kikundi cha watu kumi na mashine mbili, uza kwa shilingi mwaka huu. Mkikua, unganeni na vikundi vingine mfikie kontena zima, ndipo benki zitakapoanza kuwasikiliza.

Mama wa kiwanda chetu hakuchagua njia moja. Msimu uliofuata alichukua mkopo wa dola kwa makontena mawili ambayo mikataba yake ilikuwa imesainiwa, akafunga bei kwa nusu ya la tatu, na la nne akaliacha wazi. Kwenye daftari lake la mnada, pembeni ya bei ya kilo, sasa anaandika pia bei ya dola ya siku hiyo.